FANNIE LOU HAMER: MAMA WA BENKI YA NGURUWE

Mashujaa wanaoandikwa katika jarida letu la Chama cha Kiswahili huwa ni watu wa vita, wa vitabu au wa majukwaa. Mwaka huu nimeonelea nikuletee mama mmoja aliyepigana na njaa. Silaha zake zilikuwa nguruwe, bamia na ekari 40 za ardhi. Anaitwa Fannie Lou Hamer, Mmarekani Mweusi wa jimbo la Mississippi, naye aliiaga dunia zamani, mwaka 1977. Wengi wamtajao humtaja kwa sababu ya kura. Ni kweli, kura aliipigania hadi akavunjwavunjwa mwili. Lakini ukiyafuata maisha yake pole pole utaona kwamba kwake yeye kura na sufuria havikutengana, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nilipolitaja jina lake chamani, wenzangu wawili watatu walinipinga vikali. Ati nawezaje kumsifu mtu ambaye mradi wake ulikufa? Basi subirini jamani, huko nitafika wala sitaficha kitu.

Fannie Lou alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, kitindamimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake, Jim na Lou Ella Townsend, walilima pamba katika shamba la mtu kwa mpango wa nusu kwa nusu. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: mwenye shamba anatoa ardhi, familia inatoa jasho, na mavuno yanagawanywa. Ukiusikia hivyo waweza kudhani ni haki tupu. Lakini kabla ya kugawana, mwenye shamba alikata kwanza gharama za mbegu, mbolea, unga na kila kitu ambacho familia ilikopa katika duka lake mwaka mzima. Daftari aliandika nani? Yeye. Mizani alishika nani? Yeye huyo huyo. Mwisho wa mwaka mkulima aliambiwa ana deni, kwa hivyo abaki alime tena. Fannie Lou alipokuwa na umri wa miaka 2 walihamia Kaunti ya Sunflower, katika bonde linaloitwa Delta, penye udongo mweusi wenye rutuba ajabu. Hebu fikiria, ardhi nzuri vile na watoto wanalala njaa!

Alipokuwa na miaka 6 mwenye shamba alimkuta akicheza kando ya barabara, akamuuliza kama anaweza kuchuma pamba. Akimaliza kama kilo 13 kwa wiki, atapewa vitu vitamu vya dukani: samaki wa mkebe, biskuti na kadhalika, vitu ambavyo kwao havikuonekana. Mtoto akachuma. Wiki iliyofuata akatakiwa achume mara mbili. Kutoka siku hiyo hakutoka shambani. Tazama chambo kilichotumika, msomaji: chakula. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliisimulia habari hiyo mara nyingi, maana alijua kwamba alikamatwa kama samaki. Akiwa na miaka 13 aliweza kuchuma kilo 90 na zaidi kwa siku, huku mguu mmoja ukichechemea kwa sababu ya maradhi ya utotoni. Shuleni alikwenda miezi michache tu ya kila mwaka, wakati pamba haina kazi, na akaacha kabisa katika darasa la sita ijapokuwa alipenda mno kusoma.

Mamaye alikuwa mama wa kutafuta. Mavuno yakiisha alitembea na watoto kutoka shamba hadi shamba wakiokota masazo ya pamba, miguu ya watoto imefungwa matambara kwa baridi. Zilizookotwa ziliuzwa ili wapate chochote cha kupika. Baba naye alijinyima hadi akanunua nyumbu watatu, wale wazaliwa wa punda na farasi, pamoja na ng'ombe wawili na vyombo vya kulimia. Angeanza kukodi ardhi na kulima yake mwenyewe. Usiku mmoja Mzungu jirani akatia sumu katika chakula cha mifugo. Asubuhi wanyama walikuwa wamevimba matumbo, wengine wamekufa tayari na wengine wanakufa. Familia ikarudi kwenye nusu kwa nusu na haikuinuka tena. Mimi nasema ukitaka kumwelewa Mama Hamer, anza na wanyama hao. Alijifunza mapema kwamba mtu Mweusi mwenye mifugo yake aliwatia watu hofu kuliko maskini anayenung'unika.

Katikati ya miaka ya 1940 aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta ambaye watu walimwita Pap, wakaishi katika shamba moja kubwa karibu na mji mdogo wa Ruleville. Kwa kuwa alijua kusoma, alifanywa karani wa kuandika saa na uzito wa pamba. Hapo ndipo alipofanya jambo linalonifurahisha mno. Mizani ya tajiri ilipunja wachumaji. Basi tajiri akiwa hayupo, Mama Hamer alitumia jiwe lake la mizani lililo sawa, watu wakaandikiwa walichochuma kikweli. Tajiri akitokea, anarudisha lile la zamani. Hakuhubiri wala hakupiga kelele.

Mwaka 1961 alikwenda hospitali kuondolewa uvimbe, na daktari akamtoa kizazi bila idhini yake. Maskini wa Mungu, alikuja kujua baadaye. Yeye na mumewe walilea watoto wa kike waliowachukua kama wao.

Agosti 1962 vijana wa chama cha wanafunzi kilichoitwa SNCC walifanya mkutano kanisani Ruleville, na kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 44, akafahamu kwamba ana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 Agosti watu 18 walipanda basi hadi Indianola, makao makuu ya kaunti, kujiandikisha. Walipewa mtihani wa kueleza kifungu kigumu cha katiba ya jimbo, wakaanguka wote. Wakirudi, polisi wakasimamisha basi na kumtoza dereva faini. Kosa? Ati basi lilikuwa la manjano kupita kiasi, lafanana na la shule! Ndani ya basi watu waliingiwa na baridi ya hofu, na Mama Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani mpaka mioyo ikatulia. Alipofika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Mwenye shamba alimtaka afute jina au aondoke. Akaondoka usiku ule ule, baada ya miaka 18 ya kazi. Pap alilazimika kubaki amalize mavuno, la sivyo vyombo vyao vingeshikwa. Siku kumi baadaye nyumba alimokuwa amelala ilimiminiwa risasi 16, bahati nzuri yeye hakuwamo. Mtihani alikuja kuupita Januari 1963, lakini bado hakuruhusiwa kupiga kura kwa kuwa hakuwa na risiti za kodi ya kura. Kila mlango ulikuwa na kufuli mbili.

Majira ya baridi ya mwaka huo yalimfundisha jambo ambalo hakulisahau. Serikali kuu ilikuwa ikigawa chakula cha ziada kwa maskini, unga, mchele, maharagwe na vitu kama hivyo, na familia nyingi za Delta ziliishi kwa chakula hicho toka mavuno yaishe hadi kazi ya shamba ianze tena. Wakubwa wa Kaunti ya Leflore, jirani na Sunflower, walipoona Weusi wanajiandikisha, wakaufunga mgao. Watu kama 22,000 wakaachwa hivi hivi katika baridi kali. Ujumbe ulikuwa wazi: anayetaka kura na ale kura. Wanaharakati wakaleta malori ya chakula na nguo kutoka kaskazini, na Mama Hamer akawa mmoja wa wagawaji Ruleville. Aliwahimiza waliokuja kupokea waende kwanza Indianola wakajaribu kujiandikisha. Kuna watakaosema kwamba na yeye alitumia njaa. Niliposoma hapo hata mimi nilisita. Lakini tofauti ipo, kwa sababu yeye aliwataka watu wasimame, na wale wengine waliwataka walale. Hata hivyo nadhani jambo hilo lilimsumbua pia, maana baadaye alipopata chakula chake cha kugawa hakumwekea mtu sharti.

Yaliyofuata ndiyo yaliyompa jina duniani, nitayapitia haraka. Juni 1963, akitoka kwenye mafunzo ya uraia, alikamatwa na wenzake katika kituo cha basi mjini Winona. Polisi waliwaamuru wafungwa wawili Weusi wamchape kwa rungu la ngozi hadi wachoke. Figo yake iliharibika na jicho moja likapungua nguvu, na madhara hayo alikwenda nayo kaburini. Tarehe 22 Agosti 1964 aliketi mbele ya kamati ya Chama cha Democratic mjini Atlantic City akaeleza mateso hayo yote, akidai ujumbe wa chama chao cha Mississippi kilichokubali rangi zote upewe viti. Rais Johnson akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili kamera zimwache mama yule. Wapi! Televisheni zikayaonyesha maneno yake jioni, wakati watu wengi zaidi wako nyumbani. Walipewa viti viwili tu, wakavikataa.

Mwezi uliofuata alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwimbaji Harry Belafonte aliwapeleka vijana wa SNCC pamoja naye nchini Guinea, wakapokewa na Rais Sékou Touré mwenyewe. Mama aliyefukuzwa shambani kama kuku akakaribishwa ikulu na rais wa rangi yake. Huko aliona Weusi wakiendesha ndege, benki na ofisi, akastaajabu. Baada ya hapo wawili katika msafara huo, John Lewis na mwenzake, waliendelea kuzunguka Afrika, na hapa kwetu Nairobi wakakutana na Malcolm X. Mama Hamer hakufika. Ningependa sana angefika.

Sasa turudi Sunflower, maana ndiko utamu wa habari hii uliko. Sheria ya kura ya mwaka 1965 ilipita, watu wakajiandikisha, na njaa ikazidi! Wenye mashamba walikuwa wameleta mashine za kuchuma pamba na dawa za kuua magugu, kwa hivyo kibarua wa kuchuma na wa kupalilia hakuhitajika. Mwaka 1967 kima cha chini cha mshahara wa shambani kilipowekwa kuwa dola 1 kwa saa, wengi wakaona heri wawafukuze watu kabisa. Kaunti nazo zikabadilisha mgao wa bure, zikaleta kuponi za chakula ambazo ilibidi uzinunue kwa pesa. Asiye na kazi atatoa wapi pesa? Aprili mwaka huo Seneta Robert Kennedy alitembea katika vibanda vya Delta akaona watoto wamevimba matumbo. Wakati huo huo serikali iliwalipa wakulima wakubwa ili wasilime sehemu ya ardhi yao. Seneta James Eastland, aliyekuwa na maelfu ya ekari katika kaunti hiyo hiyo ya Sunflower, alipokea zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Yeye analipwa asilime, jirani yake hana pa kulima.

Mwaka huo pia binti mmoja wa Mama Hamer alifariki. Alikuwa msichana wa miaka 22, amedhoofika kwa lishe duni, na alipozidiwa hakupata matibabu karibu na nyumbani. Walimkimbiza hadi Memphis, safari ya zaidi ya kilomita 150, na hakurudi. Aliacha vitoto viwili, bibi na babu wakavilea. Mama huyu alikuwa amehutubia taifa zima, na nyumbani kwake binti akafa kwa udhaifu wa kukosa chakula. Sidhani kuna jambo katika maisha yake lililomsukuma kuelekea jembe kuliko hilo.

Akaanza na nguruwe. Mwaka 1968 Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, lililoongozwa na Dorothy Height, lilimsaidia kupata madume 5 na makumi ya majike. Yeye akaita benki. Familia ilipewa jike lenye mimba, likizaa familia inabaki na watoto wake, wa kula na wa kuuza, na wengine wanarudishwa benki ili jirani naye apewe. Madume yalikaa mahali pamoja, kila mtu akapeleka jike lake huko. Hii ni benki ambayo akiba yake inakula makombo na riba yake inalia usiku! Cheka, lakini fanya hesabu: jike moja huweza kuzaa watoto wanane au kumi kwa mkupuo mmoja, na hupevuka kabla ya mwaka kwisha. Katika muda wa miaka michache nguruwe waliotokana na benki ile wakahesabiwa kwa maelfu. Nyama ya kuanikwa ikaning'inia katika nyumba ambazo zamani zilining'iniza vyungu vitupu.

Mwaka 1969 zikanunuliwa ekari 40, na huo ukawa mwanzo wa Ushirika wa Shamba la Uhuru. Pesa zilitoka kwa wafadhili wa kaskazini, kikiwamo kikundi cha mji wa Madison, Wisconsin, na Belafonte akawaandikia watu barua za kuomba michango. Hata wanafunzi wa Marekani walitembea kilomita nyingi kwa miguu ili kuchanga. Kufikia 1971 ushirika ulikuwa na ekari zaidi ya 600. Ada ya uanachama ilikuwa dola 1 kwa mwezi, na familia kama 30 tu ndizo zilizoweza kuilipa. Familia nyingine 1,500 zikahesabiwa kuwa za ushirika hata bila kulipa. Sehemu moja ya shamba ilipandwa pamba na soya za kuuza ili ardhi ilipiwe deni, na sehemu nyingine ikapandwa chakula: sukuma wiki, kunde, bamia, mahindi, viazi vitamu, nyanya. Watu walikuja kulima na kuvuna, na mboga zikapelekwa kwa wazee na wagonjwa wasioweza kushika jembe. Familia maskini za Wazungu hazikufukuzwa. Ushirika pia ulisaidia watu kupata mikopo ya nyumba zenye maji na choo ndani, ukafungua kazi za ushonaji, na ukasomesha vijana kadhaa.

Mantiki yake naona ilikuwa nyepesi na kali. Mwenye shamba alikuwa na vitisho viwili, kukufukuza katika kibanda chake na kukufungia duka lake. Mtu mwenye nyumba yake, nguruwe zizini na bamia uani, atamtisha kwa kipi? Watu wengi walikuwa wakihamia Chicago na miji mingine ya kaskazini kwa sababu Delta haikuwataka tena. Mama Hamer alitaka wabaki kwao, wale vyao, wapige kura zao hapo hapo.

Haya, wenzangu mlionipinga, tumefika. Shamba lilikufa kweli. Februari 1971 kimbunga kiliipiga Delta, na pesa za shamba zikaelekezwa kwa walioumia. Mwaka 1972 na 1973 zikaja mvua za kupita kiasi na ukame, mimea ya biashara ikaharibika, na deni la ardhi halikujali hali ya hewa. Wafadhili wakachoka. Mama Hamer mwenyewe alikuwa akisafiri huku na huku kuhutubia ili apate pesa, kwa hivyo shamba likakosa jicho lake, kisha afya ikavunjika: shinikizo la damu, kisukari, saratani ya titi. Kodi ya ardhi ikarundikana, na mwaka 1976 ardhi ikauzwa.

Mimi nakubali kwamba palikuwa na udhaifu. Ushirika unaotegemea michango ya watu wa mbali una mguu mmoja hewani, na shamba linalogawa bure kuliko linavyouza lahitaji mweka hesabu mkali kuliko waliyekuwa naye. Lakini kusema alishindwa, la hasha! Watoto waliokula miaka ile hawakutapika chakula shamba lilipouzwa. Waliopata nyumba walibaki nazo. Na tukumbuke nyumbu wa babaye: safari ile jirani mmoja mwenye sumu alitosha kuizima familia nzima kwa usiku mmoja. Safari hii ilichukua kimbunga, mafuriko, ukame na maradhi, na kabla ya hapo maelfu walikuwa wamekwisha kushiba. Tena huyu ni mtu wa darasa la sita. Wenye shahada waliokuwa serikalini wakati huo walikuwa wakiwauzia wenye njaa kuponi.

Alifariki tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya mji wa Mound Bayou, akiwa na miaka 59. Andrew Young, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa wakati huo, alikwenda kuzungumza kwenye mazishi. Januari 2025, miaka karibu 48 baada ya kifo chake, Rais Biden alimtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais, ambayo ni heshima ya juu kabisa kwa raia wa nchi ile. Kaburi lake liko Ruleville, katika kipande kilichosalia cha ardhi ya ushirika. Pap alibaki mjini humo miaka 15 zaidi, na mwaka 1992 akazikwa kando yake.